Otto Lilienthal, Mwanafunzi wa Korongo

Upepo wa Engaresero

Kijiji cha Engaresero kiko katika Wilaya ya Ngorongoro, karibu na Ziwa Natron. Upande wa kusini umesimama mlima Ol Doinyo Lengai, ambao jina lake kwa Kimaasai lina maana ya Mlima wa Mungu. Upande wa magharibi, ukuta mrefu wa Bonde la Ufa unapanda ghafla kutoka tambarare ya ziwa. Katika nchi hii upepo huvuma kwa nguvu, na mara nyingi hutoka mashariki. Dalili yake huonekana hata mbali na kijiji. Karibu na Olduvai kuna chungu ya mchanga mweusi wa volkano ambayo kila mwaka husogea kidogo kuelekea magharibi, kwa sababu upepo huisukuma.

Mtoto achungaye mbuzi chini ya ukuta huo hawezi kukosa kuwaona tumbusi, yaani tai wala mizoga. Ndege hawa hujenga viota vyao katika magenge, kama vile yale ya milima ya Gol. Upepo unapovuma, tumbusi hujitupa kutoka juu ya mwamba, hutandaza mabawa yake, kisha huenda mbele na nyuma kando ya genge kwa muda mrefu bila kupiga bawa hata mara moja. Kwa nini haanguki? Tena, kwa nini mara nyingine hupanda juu zaidi ya mahali alipoanzia?

Jibu limo katika upepo wenyewe. Upepo unaogonga ukuta wa mlima hauwezi kupenya jiwe, kwa hiyo hugeuka na kupanda juu. Tumbusi aliyetandaza mabawa hushuka polepole ndani ya hewa inayomzunguka. Lakini ikiwa hewa hiyo inapanda upesi kuliko anavyoshuka yeye, atapanda pamoja nayo. Tuseme ndege anashuka mita 1 kwa kila sekunde, na hewa inapanda mita 2 kwa kila sekunde. Fanya hesabu, nawe utaona kwamba ndege huyo atapanda mita 1 kwa kila sekunde.

Leo jambo hili linaelezwa katika vitabu vya shule. Zamani halikujulikana vizuri, na watu wengi walicheka waliposikia kwamba binadamu anaweza kuruka. Katika somo hili tutasoma habari za mtu aliyelichunguza kwa kupima, kuandika na kujaribu, hata akapoteza maisha yake. Jina lake ni Otto Lilienthal.

Utoto wake

Otto Lilienthal alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Wazazi hao walipata watoto wanane, lakini watano walikufa wakiwa wadogo. Waliobaki ni Otto, mdogo wake Gustav, na dada yao Marie. Mwaka 1861 baba naye alifariki, na mama akawalea watoto peke yake katika hali ya shida.

Kuzunguka mji wa Anklam kulikuwa na mabonde yenye majani na maji. Huko walikuja korongo weupe kutafuta vyura na wadudu. Otto na Gustav walikaa kimya nyasini na kuwatazama. Waliona kwamba korongo anapotaka kuruka hukimbia kuukabili upepo. Hakimbii upande uleule unakokwenda upepo. Waliona pia kwamba akiisha kupanda angani huweza kusafiri mbali bila kupiga mabawa yake mapana.

Korongo hao si wageni kwetu. Majira ya baridi yanapokaribia Ulaya, korongo weupe wengi wa Ujerumani ya mashariki huondoka, hupita Uturuki na bonde la mto Nile, na wengi wao hufika Afrika Mashariki. Katika miezi ya Novemba hadi Machi huonekana katika mbuga za Serengeti na Ngorongoro wakila nzige na viwavijeshi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipatikana korongo mmoja aliyechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, naye alikuwa ameruka nao hadi huko. Kwa ndege huyo, watu wa Ulaya walipata ushahidi wazi wa mahali korongo wanakokwenda wakati wa baridi. Kwa hiyo ndege aliyemfundisha Otto Lilienthal ni ndege ambaye mwanafunzi wa Tanzania anaweza kumwona kwa macho yake.

Otto alipokuwa na umri wa miaka 14, yeye na Gustav walitengeneza mabawa kwa mbao nyembamba, wakayafunga mikononi, wakakimbia kushuka kilimani. Walifanya hivyo usiku ili wenzao wa shule wasiwacheke. Mabawa hayo hayakuwainua. Vijana hao hawakukata tamaa, lakini walitambua jambo moja kubwa, kwamba kumwiga ndege kwa macho tu hakutoshi. Ilibidi kujua bawa linafanya kazi gani hewani, na nguvu yake ni kiasi gani.

Kupima kabla ya kuruka

Otto alisoma ufundi katika mji wa Potsdam, kisha katika chuo cha ufundi cha Berlin. Mwaka 1870 alimaliza masomo yake akiwa mhandisi. Katika mwaka huo vita vilizuka kati ya Prussia na Ufaransa, naye akaenda vitani. Aliporudi, yeye na Gustav walianza tena kuchunguza mabawa.

Walitengeneza chombo rahisi chenye nguzo ya wima na mkono mrefu uliozunguka. Katika ncha za mkono huo walifunga mabawa madogo ya maumbo mbalimbali. Mkono ulipozunguka, hewa ilipita juu na chini ya bawa, nao wakapima nguvu iliyoliinua na nguvu iliyolirudisha nyuma. Walijaribu mabawa bapa kama ubao, na mabawa yaliyopinda kidogo kama mgongo wa kijiko. Kila mara waliandika matokeo katika daftari.

Matokeo yalionyesha kwamba bawa lililopinda kidogo huinua uzito mkubwa kuliko bawa bapa lenye ukubwa uleule. Sababu yake ni hii. Bawa linapokwenda mbele huigeuza hewa na kuisukuma chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Bawa lililopinda huigeuza hewa polepole na vizuri. Bawa bapa huivuruga. Ukitazama bawa la korongo, au la kuku nyumbani, utaona kwamba nalo limepinda.

Otto hakuharakisha kutangaza mambo hayo. Alikuwa na kazi nyingine za kumpatia riziki. Mwaka 1878 alimwoa Agnes Fischer, nao wakapata watoto wanne. Mwaka 1883 alifungua karakana yake mwenyewe mjini Berlin, akatengeneza mitambo ya mvuke na matangi ya kuchemshia maji yaliyokuwa salama kuliko yale ya zamani. Baadaye aliamua kuwagawia wafanyakazi wake sehemu ya faida ya karakana, jambo ambalo wenye viwanda wachache tu walilifanya siku hizo. Hatimaye, mwaka 1889, alitoa kitabu chake juu ya kuruka kwa ndege. Ndani yake aliweka majedwali ya vipimo alivyovikusanya kwa miaka mingi, ili mtu mwingine yeyote aweze kuvisoma na kuvijaribu.

Kuruka kutoka vilimani

Baada ya kupima, Lilienthal alianza kuruka. Alitengeneza mabawa kwa fito za mti laini, akayavika kitambaa cha pamba. Chombo chake kilichojulikana zaidi kilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Upana wake kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine ulikuwa karibu mita 7. Hakikuwa na injini wala kiti. Lilienthal alijishikiza katikati ya mabawa kwa mikono, na miguu yake ikaning'inia chini.

Mwaka 1891, karibu na kijiji cha Derwitz, alifaulu kuruka umbali wa mita 25 hivi. Umbali huo ni mfupi kuliko uwanja wa mpira, lakini ulikuwa mwanzo wa kazi kubwa. Mwaka 1893 alikwenda kwenye vilima vya Rhinow, ambavyo havikuwa na miti mingi na vilipata upepo mzuri. Huko aliweza kuruka hadi mita 250. Mwaka 1894 alijenga kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, karibu na Berlin, chenye kimo cha mita 15. Kilima hicho kilikuwa cha mviringo. Kwa nini? Kwa sababu upepo hubadilika. Katika kilima cha mviringo angeweza kukimbia kuukabili upepo, hata kama unatoka upande gani, kama korongo wa Anklam walivyofanya.

Namna yake ya kuruka ilikuwa hivi. Alisimama juu ya kilima akiuelekea upepo, akakimbia hatua chache kushuka, na mabawa yakamwinua. Akiwa hewani aliuongoza mwili wake kwa kurusha miguu. Bawa la kushoto likiinuka mno, alirusha miguu upande wa kushoto ili uzito ulishushe. Chombo kikiinamisha pua, alirudisha miguu nyuma. Upepo ulipokuwa na nguvu, hewa iliyopanda mlimani ilimbeba, na mara nyingine alipanda juu kuliko mahali alipoanzia, au alisimama hewani kwa kitambo bila kwenda mbele wala nyuma. Watu waliotazama chini waliona binadamu akifanya jambo lilelile wanalofanya tumbusi wa Engaresero.

Kati ya mwaka 1891 na mwaka 1896 Lilienthal aliruka zaidi ya mara 2,000. Wapiga picha walikuja kumpiga picha akiwa angani, na picha hizo zilienea katika magazeti ya nchi nyingi. Watu waliokuwa wakicheka walianza kunyamaza.

Ajali

Lilienthal alijua kwamba upepo wenye nguvu ni rafiki asiyeaminika. Hewa haipiti juu ya mlima kama maji yanayopita katika bomba. Mara huja kwa kishindo, mara hutulia. Aidha, siku ya jua kali, ardhi huipasha hewa moto, nayo hewa hiyo hupanda ghafla mahali hapa na pale. Mwaka 1894 alianguka, lakini alinusurika kwa sababu alikuwa amefunga pinde la fito mbele ya chombo. Pinde hilo lilivunjika badala ya mwili wake.

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Agosti 1896, alikwenda kwenye kilima cha Gollenberg, karibu na kijiji cha Stölln. Alikuwa pamoja na fundi wake Paul Beylich. Jua liliwaka. Aliruka vizuri mara ya kwanza. Katika mruko mwingine wa siku hiyo, hewa ya moto iliyopanda ghafla iliinua pua ya chombo. Chombo kikapoteza mwendo, kikasimama hewani. Lilienthal alirusha miguu mbele ili pua ishuke, lakini uzito wa miguu haukutosha. Chombo kikaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi.

Tuifahamu sababu ya ajali hiyo, kwa maana ni sehemu muhimu ya somo letu. Bawa huinua pale tu hewa inapopita juu yake bila kukatika. Pua ya chombo ikiinuka mno, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Hukatika na kugeuka kuwa vimbunga vidogo, na nguvu ya kuinua hupungua mara moja. Anayeruka akiwa juu sana huweza kushusha pua, akapata mwendo tena. Aliye karibu na ardhi hana nafasi hiyo.

Lilienthal alivunjika mfupa wa shingo. Alichukuliwa kwa gari moshi hadi Berlin, na kesho yake, tarehe 10 Agosti 1896, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 48. Agnes alibaki mjane na watoto wanne.

Waliochukua kazi yake

Habari za kifo chake zilifika Marekani, na ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walizisoma. Wao walikuwa mafundi wa baiskeli. Walisoma kitabu cha Lilienthal na kutumia majedwali yake. Walipoona kwamba mabawa yao hayainui kama walivyotazamia, hawakulaumu wala kubahatisha. Mwaka 1901 walitengeneza sanduku la kupitishia upepo, wakapima mabawa madogo mengi upya.

Tena walijifunza kutokana na ajali ya Lilienthal. Waliona kwamba kurusha miguu hakutoshi kuongoza chombo katika upepo mkali. Kwa hiyo waliweka bawa dogo mbele la kuinua na kushusha pua, na kamba za kuvipinda vincha vya mabawa. Tarehe 17 Desemba 1903, ndege yao yenye injini iliruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 36 hivi. Lilienthal mwenyewe alidhani kwamba ndege yenye injini italazimika kupiga mabawa kama korongo. Katika jambo hilo alikosea. Mwanasayansi mwema huweza kukosea katika jambo moja, na bado vipimo vyake vikawafaa wengine.

Orville hakuusahau upepo wa mlimani. Tarehe 24 Oktoba 1911, katika vilima vya mchanga vya Kill Devil, upepo ukivuma kwa nguvu nyingi, alikaa hewani kwa dakika 9 na sekunde 45 katika ndege isiyo na injini, akibebwa na hewa iliyopanda kilimani.

Elimu hiyo ilifika nchini mwetu pia. Mwanasayansi Mwingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata tumbusi na korongo wa Serengeti angani kwa ndege nyepesi ambayo injini yake huweza kuzimwa, na mwaka 1972 akatoa matokeo yake. Hivyo mabawa yaliyotokana na kuwatazama ndege yalirudi kuwatazama ndege.

Siku hizi, katika nchi nyingi, watu hurusha vilimani ndege ndogo zisizo na injini huku wenyewe wamesimama ardhini. Mtu hushika kisanduku kinachotuma mawimbi ya redio. Ndani ya ndege kuna chombo cha kupokea mawimbi hayo na mota ndogo za betri zinazosogeza sehemu za mabawa na mkia. Upepo unapokuwa mkali sana huongeza uzito ndani ya ndege, ili iende kasi na isirudishwe nyuma. Tumbusi hana uzito wa kuongeza, kwa hiyo hukunja mabawa yake kidogo. Wote wawili hukwepa upande wa nyuma wa kilele, kwa sababu huko hewa hushuka na kuzunguka ovyo.

Lilienthal hakuwa na redio ya kumwezesha kubaki ardhini. Kila jaribio alilifanya kwa mwili wake. Basi ukiwaona korongo weupe shambani wakati wa mvua, kumbuka kwamba mtoto mmoja wa Anklam aliwatazama ndege kama hao, akauliza swali, kisha akatumia maisha yake yote kutafuta jibu.

Jaribio

Vifaa: karatasi moja ngumu na udongo mbichi wa mfinyanzi.

1. Kunja karatasi utengeneze ndege.
2. Irushe polepole mahali pasipo na upepo. Tazama inavyoanguka.
3. Bandika kidonge kidogo cha udongo puani. Irushe tena. Ongeza au punguza udongo mpaka ndege ishuke sawasawa.
4. Sasa hamishia kidonge mkiani, uirushe. Pua itainuka, ndege itasimama, kisha itaanguka. Hivyo ndivyo chombo cha Lilienthal kilivyofanya.
5. Pima kwa hatua umbali wa kila mruko, uandike katika jedwali.

Angalia: Usijaribu kuruka mwenyewe kutoka mtini, darini au gengeni.

Maswali

1. Kwa nini tumbusi huweza kupanda juu kando ya genge bila kupiga mabawa?
2. Ndege anashuka mita 1 kwa sekunde, na hewa inapanda mita 3 kwa sekunde. Baada ya sekunde 10 atakuwa amepanda mita ngapi?
3. Otto na Gustav walitumia chombo gani kupima mabawa? Waligundua nini?
4. Kwa nini kilima cha Lichterfelde kilijengwa kwa umbo la mviringo?
5. Eleza kwa maneno yako sababu ya ajali ya tarehe 9 Agosti 1896.
6. Ndugu Wright walijifunza nini kutokana na ajali hiyo?
7. Chunguza ndege wa mahali unapoishi kwa siku tatu. Andika ni wepi hupiga mabawa wakati wote, na ni wepi huelea. Upepo ulitoka upande gani kila siku?